Kifaa chepesi kutumia au kifaa kinachokubali kurekebishwa: tuchague kwa kigezo gani?

Swali, kutoka kwa Mnunuzi

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu juu ya jambo ambalo limenikwamisha. Simu ninayotumia haipokei tena masasisho ya usalama, na kompyuta mpakato yangu nayo imechoka, kwa hiyo ninalazimika kubadilisha vyote viwili kwa pamoja. Kila ninayemwomba ushauri ananivutia katika moja ya kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema ninunue iPhone na Mac, kwa sababu mtengenezaji ameshaamua karibu kila kitu, nami nitabaki na kazi ya kutumia tu. Kambi ya pili inasema kwamba kununua vifaa vya namna hiyo ni kukubali kupangiwa, na kwamba mtu anayejali uhuru wake huchukua simu ya Android, huweka Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, kwenye kompyuta yake, kisha hupanga kila kitu apendavyo mwenyewe.

Mimi si mtaalamu, lakini si mgeni wa teknolojia pia. Napenda kuelewa kitu kinavyofanya kazi, na huudhika ninapoona sasisho limeondoa kitufe nilichokizoea bila kuniuliza. Wakati huohuo sina nafasi ya kukesha nikitafuta sababu ya printa kutoonekana kwenye kompyuta. Isitoshe, mama yangu na wadogo zangu hunikimbilia mimi vifaa vyao vinapowasumbua, hivyo nitakachokichagua leo huenda kikawa chao kesho.

Je, ni kweli kwamba urahisi na uhuru wa kurekebisha vinapingana, kiasi kwamba ukishika kimoja umeachia kingine? Na mtu wa katikati kama mimi apime nini kabla ya kutoa fedha zake?

Jibu, kutoka kwa Mhandisi wa Programu

Ndugu Mnunuzi, ugomvi wa kambi hizo mbili ni mkongwe kuliko simu janja. Kompyuta ya Apple II ilipotoka mwaka 1977 ilikuwa na nafasi nane za kuchomeka kadi za ziada. Steve Wozniak, aliyeisanifu, ndiye aliyezisimamia. Steve Jobs, mwanzilishi mwenzake wa Apple, alitaka ziwe mbili tu, moja ya printa na nyingine ya modemu. Mwaka 1984 ilipotoka Macintosh, mtazamo wa Jobs ulikuwa umeshinda: kasha lilifungwa na nafasi za kadi hazikuwapo. Zote mbili ni bidhaa za kampuni moja, na zote mbili zilipata watu waliozipenda kwa dhati. Tangu hapo tunabishana jambo lilelile kwa vifaa vipya.

Aliyenisaidia zaidi kulielewa suala hili ni Larry Tesler, mtaalamu wa kompyuta ambaye jina lake linahusishwa pia na kazi ya kukata, kunakili na kubandika maandishi aliyoifanya akiwa katika maabara ya Xerox PARC. Hoja yake ilikuwa kwamba kila kazi inayofanywa na kompyuta ina kiwango cha ugumu ambacho hakiwezi kufutwa. Kinachoweza kufanyika ni kuuhamisha ugumu huo kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Tazama kamera ya simu yako. Unapobonyeza mara moja, programu inapima mwanga, inatafuta sura ya mtu ili iilenge, inachukua picha kadhaa kwa haraka na kuziunganisha ziwe moja. Ugumu wote upo, ila ameubeba mhandisi kwa niaba yako. Sasa jaribu kupiga picha ya chumba chenye giza ambalo unataka lionekane kama giza: programu italing'arisha, kwa kuwa iliambiwa kwamba watu hupenda picha zenye mwanga. Hapo ndipo unapohitaji njia ya kuurudisha uamuzi mkononi mwako.

Kwa hiyo, ninapoambiwa kwamba kifaa fulani ni rahisi, ninaelewa kwamba kuna mtu aliyeniamulia mambo mengi. Hilo halinisumbui hata kidogo. Nisingependa kuamua kila jambo. Ninachouliza ni kama mtu huyo aliamua vizuri, na kama ninaweza kuutengua uamuzi wake pale usiponifaa. Maswali hayo mawili yana uzito kuliko idadi ya vitufe katika ukurasa wa mipangilio.

Halafu kuna historia ambayo kambi zote mbili huisahau. iPhone ya kwanza, ya mwaka 2007, haikuruhusu programu za watengenezaji wengine. Duka la programu lilifunguliwa mwaka 2008. Kunakili na kubandika kulikuja mwaka 2009, kibodi za watengenezaji wengine mwaka 2014, uwezo wa kubadilisha kivinjari kikuu mwaka 2020, na ruhusa ya kuweka aikoni mahali popote kwenye skrini mwaka 2024. Mwezi Machi mwaka huohuo, kwa shinikizo la sheria ya Umoja wa Ulaya, Apple ililazimika kukubali maduka mengine ya programu katika nchi za umoja huo. Android, kwa upande wake, imekuwa ikikaza. Programu nyingi za benki hukataa kufunguka katika simu ambayo mwenyewe ameondoa kufuli za mtengenezaji, na mwaka 2025 Google, inayotengeneza Android, ilitangaza mpango wa kuwataka watengenezaji wa programu wathibitishe utambulisho wao hata pale programu zao zinaposambazwa nje ya duka lake. Anayekueleza kwamba upande mmoja ni gereza na mwingine ni uwanda usio na uzio anakueleza habari za miaka mingi iliyopita. Tofauti ingalipo, nami siidharau, lakini imepungua sana.

Jambo la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni jinsi kifaa kinavyotoka kiwandani. Watu wengi hawafungui kabisa ukurasa wa mipangilio, na kampuni zinalijua hilo. Nyaraka za kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google zilionyesha kwamba mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili injini yake ya utafutaji iwe ndiyo inayokukaribisha unapofungua kivinjari cha Safari. Kumbuka kwamba mtumiaji alikuwa huru kuchagua injini nyingine muda wote huo, kwa kubonyeza mara chache tu. Fedha hizo zililipwa kwa sababu wengi hawatafanya hivyo. Kwa msingi huo, uhuru uliofichwa ndani ya kurasa nne za mipangilio haumlindi mtu ambaye hatafika huko. Kinachomlinda mama yako ni uamuzi mwema uliofanywa kabla hajawasha simu kwa mara ya kwanza.

Jibu, kutoka kwa Msimamizi wa Mifumo

Nakubaliana na mengi aliyoyasema Mhandisi, lakini naona ameupa uhuru wa kurekebisha heshima kubwa kuliko unavyostahili, kwa kuwa hakutaja gharama yake.

Kila swichi ya kuwasha na kuzima inayoongezwa katika programu huzidisha mara mbili idadi ya hali ambazo programu hiyo inaweza kuwamo. Swichi 10 zinatoa hali 1,024. Swichi 20 zinatoa zaidi ya milioni moja. Hakuna timu duniani inayoweza kuzijaribu zote, hivyo mtumiaji mwenye mpangilio wa kipekee hukutana na hitilafu ambazo hakuna mwingine aliyeziona, na akiomba msaada hapati mtu anayeweza kuzirudia kwenye mashine yake. Hoja hii ilitolewa kwa nguvu na Havoc Pennington, mmoja wa watengenezaji wa GNOME, yaani madirisha na menyu ambazo watumiaji wengi wa Linux huziona kwenye skrini, wakati GNOME ilipopunguziwa mipangilio katika toleo la pili, mwaka 2002. Wengi walikasirika. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, aliandika waziwazi mwaka 2005 kwamba watu watumie KDE, mpinzani wa GNOME, akisema GNOME inawachukulia watumiaji kama wajinga. Mimi nilikuwa upande wa Torvalds kwa moyo wote, hadi nilipoanza kazi ya kuwahudumia watumiaji wengine. Unapoulizwa kwa simu, na mtu usiyeiona skrini yake, mahali kitufe kilipo, ndipo unapothamini mashine zinazofanana.

Kuna na suala la nani atakayeyatunza marekebisho yako. CyanogenMod, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mfumo maarufu kuliko yote kwa wale waliotaka Android yao wenyewe, ilisimama mwishoni mwa mwaka 2016. LineageOS iliendeleza kazi hiyo, na ninawashukuru kwa dhati waliojitolea, lakini mtumiaji wa kawaida alijikuta akilazimika kuhama bila kutaka. Mpangilio ulioujenga kwa vipande kumi vya watu kumi tofauti unategemea wote kumi waendelee kuwa na muda. Kwako wewe, Ndugu Mnunuzi, ambaye familia nzima inakutegemea, huo ni mzigo utakaoubeba mara tatu au nne.

Ushauri wangu: chagua kilicho chepesi, ukiache kilivyo, na bidii yako uitumie katika kuhifadhi nakala za picha na nyaraka.

Jibu, kutoka kwa Msomaji kwa Sauti

Naandika kwa kutumia programu inayonisomea skrini, kwa kuwa macho yangu hayaoni vya kutosha. Naomba niseme kwa heshima kwamba mjadala huu hadi sasa unadhani marekebisho ni pambo au ni hobi ya mafundi. Kwetu sisi ni mlango wa kuingilia.

Simu za kioo zisizo na vitufe zilipoanza kuenea, zilisifiwa kote kwa wepesi wake. Kwa asiyeona, kioo kitupu hakikuwa chepesi hata kidogo, kwa sababu kidole hakikuwa na cha kupapasa. Mwaka 2009, Apple iliweka VoiceOver katika iPhone 3GS: unagusa, simu inakutajia kilichopo chini ya kidole, kisha unabonyeza mara mbili kukifungua. Hilo ni badiliko kubwa mno la namna simu inavyotumika, na limo ndani ya mipangilio ya kampuni inayolaumiwa kwa kufunga kila kitu. Android nayo ina TalkBack inayofanya kazi hiyohiyo. Mwenzangu mwenye mikono inayotetemeka ameongeza muda ambao kidole kinapaswa kukaa juu ya kioo kabla simu haijakihesabu kama mguso. Bila badiliko hilo dogo asingeweza hata kupokea simu. Ukimwambia Msimamizi wa Mifumo aondoe swichi hizo kwa sababu zinaongeza hali za kujaribiwa, hesabu yake ni sahihi, lakini anayefungiwa nje ni mimi.

Pia napinga wazo la kwamba wepesi ni mmoja kwa watu wote. Windows 8, mwaka 2012, iliondoa kitufe cha Start ili skrini iwe safi zaidi. Mtu anayetumia kompyuta kwa kukumbuka mahali pa vitu, na si kwa kuvitazama, aliondolewa nguzo yake kuu. Microsoft ilikirudisha kitufe hicho katika Windows 8.1 mwaka uliofuata, kisha katika Windows 11, mwaka 2021, ikaondoa uwezo wa kuhamishia upau wa kazi pembeni mwa skrini, uwezo ambao watu walikuwa wameujengea mazoea ya miaka mingi. Kila badiliko la aina hiyo hutangazwa kuwa ni urahisishaji. Kwa aliyekwisha kujifunza, kitu chepesi ni kile alichokizoea, na kukiondoa ni kumrudisha darasa la kwanza.

Kuhusu mama yako, Ndugu Mnunuzi, kuna jambo linaloziunganisha kambi zako mbili. Tangu iOS 17, ya mwaka 2023, iPhone ina hali maalumu inayobakiza programu chache zenye aikoni kubwa, ambazo anayemsaidia mtumiaji ndiye anayezichagua. Simu za Samsung zina hali nyepesi inayokuza maandishi na aikoni. Wepesi huo unapatikana kwa kurekebisha: mtu anayemfahamu mwenye simu anakaa naye, anamuuliza anachokihitaji, na kumwondolea mengine. Mtengenezaji asingeweza kujua kwamba mama yako anawapigia simu watu watano tu na kwamba anapenda kutazama picha za wajukuu. Wewe unajua.

Swali la nyongeza, kutoka kwa Mnunuzi

Nawashukuru sana, hasa wewe Msomaji kwa Sauti, kwa kuwa nilikuwa sijaliwaza kabisa hilo. Sasa nimeelewa kwamba ninapaswa kutofautisha marekebisho yanayobadilisha sura na yale yanayobadilisha uwezo wangu juu ya kifaa. Naomba Mhandisi aniongezee upande wa maungo ya kifaa chenyewe, yaani betri, kumbukumbu (RAM) na hifadhi, kwa sababu huko sioni ukurasa wa mipangilio wa kurudi nyuma.

Jibu, kutoka kwa Mhandisi wa Programu

Umegusa mahali ambapo uamuzi wako hautenguliki, na kwa sababu hiyo pastahili muda wako mwingi kuliko rangi za menyu.

Ndoto ya simu inayounganishwa kwa vipande ilijaribiwa. Google ilikuwa na mradi ulioitwa Ara, ambao ungemwezesha mtu kubadilisha kamera au betri kwa kuichomoa na kuchomeka nyingine. Ulifutwa mwaka 2016. Mwaka huohuo LG ilitoa simu ya G5 yenye sehemu ya chini inayochomoka ili kupokea vifaa vya ziada, na simu zilizoifuata ziliachana na mpango huo. Vipande vinavyochomoka huongeza unene na uzito, tena humtaka mnunuzi aamini kwamba vipande vipya vitaendelea kutengenezwa. Kilichosalia ni wazo la kiasi, ambalo mimi naliona bora zaidi: kifaa kinachofunguka ili kitengenezwe. Simu za Fairphone hufunguliwa kwa bisibisi ya kawaida, na kompyuta mpakato za Framework, zilizoanza kuuzwa mwaka 2021, zimejengwa ili mwenyewe aweze kubadilisha sehemu zake nyingi. Kwa upande mwingine, kompyuta mpakato za Mac zenye chipu za Apple zenyewe, zilizoanza mwaka 2020, haziongezewi kumbukumbu baada ya kununuliwa. Ukiichagua Mac, basi amua dukani kiasi cha kumbukumbu kitakachokutosha kwa miaka yote utakayokaa nayo, kwa kuwa baadaye hakuna fundi atakayekusaidia.

Kwa simu, anza na miaka ya masasisho, maana hilo ndilo lililokutoa katika simu ya zamani. Google iliahidi miaka saba kwa Pixel 8, mwaka 2023, na Samsung ikaahidi saba kwa Galaxy S24, mwaka 2024. Ahadi hizo hazizihusu simu zote za kampuni hizo, kwa hiyo soma ahadi ya simu ileile unayoishika mkononi.

Kuhusu Linux, nakubaliana na Msimamizi kwamba hupaswi kujenga kila kitu kwa mikono yako. Lakini Linux haimlazimishi mtu kufanya hivyo. Ina matoleo mengi: Arch imekusudiwa kwa anayetaka kuamua kila hatua mwenyewe; Ubuntu, iliyoanza mwaka 2004, na Linux Mint huja na maamuzi mengi yaliyokwisha kufanywa, na bado mlango wa kubadilisha uko wazi. Unaweza kuiendesha moja kwa moja kutoka kwenye diski ndogo ya USB bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta, ukaona kama Wi-Fi inashika, kama sauti inatoka, na kama ile printa yako inaonekana. Ukiona printa haionekani siku hiyo, jibu lako umelipata kabla ya kununua.

Kisha kuna mlango wa kutokea. Kabla hujaingiza picha zako zote katika huduma yoyote, tafuta mahali pa kuzitolea: je, zinatoka zote kwa pamoja, zikiwa na tarehe zake, katika muundo ambao programu nyingine inaweza kuusoma? Fanya vivyo hivyo kwa anwani za watu, manenosiri na madokezo. Kifaa kinachoruhusu mandhari mia moja ya skrini lakini hakikupi njia ya kuondoka na madokezo yako kimekupa uhuru mdogo kuliko kile chenye mandhari moja na faili zinazohamishika.

Kwa hali uliyoieleza, mimi ningewanunulia wewe na mama yako simu za mfumo mmoja, ili ukiulizwa uwe unakijua kile anachokiona. Yake ningeiweka katika hali nyepesi aliyoitaja Msomaji kwa Sauti, nikiwa nimeketi pamoja naye. Yako ningeiacha kwanza kama ilivyotoka kiwandani, nikibadilisha kitu pale tu kinaponikera mara ya pili au ya tatu, na kila badiliko ningeliandika mahali, ili simu ikipotea niweze kuipanga mpya bila kubahatisha.

Jibu, kutoka kwa Msimamizi wa Mifumo

Naongeza jambo moja tu katika hilo la kuandika. Sasisho kubwa linapokuja, orodha hiyo ndiyo itakayokuonyesha ni badiliko gani limerudishwa lilivyokuwa bila wewe kuarifiwa. Anza kwa kukagua ruhusa za mahali ulipo na za maikrofoni, ndipo uende kwenye mengine. Na kwa alichokisema Msomaji kwa Sauti, nakiri hoja yake ina nguvu: swichi za ufikivu, yaani zile zinazowasaidia watu kama yeye kuingia, ningezibakiza zote, hata kama zinanizidishia kazi.